Stelingi Aliyelia

Maneno niliyoyasema mjini Shinyanga mbele ya vijana wanaojifunza kuigiza. Nimeyaandika kama yalivyotoka kinywani, nikiacha tu zile sehemu nilizosimama kunywa maji na kusahau nilikuwa nimefika wapi.

Ndugu mwenyekiti, wazazi mliofika, na nyinyi vijana ambao ndio wenye shughuli. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo mlioniamkia pale mlangoni nikawa napambana na ngazi, marahaba, pokeeni sasa.

Barua ya mwaliko iliyoletwa nyumbani ilisema nije kuzungumzia "maisha na kifo cha Steven Kanumba". Nilichukua kalamu nikakata neno "kifo". Mwenyekiti anatabasamu, barua anayo, atawaonyesha. Sikulikata kwa kuogopa. Nimelikata kwa sababu kila ninapotaja jina la huyu mwigizaji kijana, mtu wa kwanza kunyoosha mkono anataka kujua habari za usiku ule aliofariki kule Sinza, Dar es Salaam. Usiku ule ulikuwa wa kuamkia Jumamosi, tarehe 7 Aprili 2012, kesho yake Pasaka. Mahakama ilishasema neno lake mwaka 2017. Mimi sina la kuongeza, na nyinyi mnaotaka kuigiza hamna cha kujifunza humo. Cha kujifunza kimo katika ile miaka kumi iliyotangulia, ambayo hakuna anayeniuliza.

Mimi si msomi wa filamu, nisije nikawadanganya. Nilikuwa na kibanda. Wa umri wangu mnakifahamu: kibandaumiza. Mabati juu, magunia ukutani mwanga usipenye, mabenchi yenye misumari iliyochomoza, deki moja, televisheni moja, na jenereta nje linalonguruma kuliko bunduki za kwenye picha. Baadaye nikapanda cheo, nikafungua maktaba ya kukodisha mikanda, kisha CD. Miaka kumi na sita nimekaa nyuma ya ile kaunta. Kama kuna chuo nilichosoma basi ni kile, kozi yenyewe ikiwa moja tu: kumtazama mteja usoni anaporudisha CD asubuhi.

Sasa, pale kibandani kulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika na kila mtoto aliijua. Mtoto hajatoa hela, anauliza kwanza: "Stelingi nani?" Yaani shujaa wa picha. Ukimwambia Schwarzenegger, au Van Damme, au Amitabh Bachchan, anaingia. Akishaingia, sheria inaanza kazi. Stelingi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atachana shati ajifunge, ataendelea. Ataangushwa kutoka ghorofani, atadondokea juu ya gari la magodoro. Siku moja nilileta picha ambayo stelingi alikufa mwishoni. Nawaambieni walidai hela zao! Mmoja, sasa ni mzee wa kanisa hapa mjini, simtaji, aling'oa gunia langu moja ukutani akaondoka nalo kama fidia.

Na stelingi alikuwa mtu wa mbali. Mzungu, Mhindi, Mchina wa kuruka. Kiswahili kilikuja juu yake kwa mdomo wa mtu mwingine. Lufufu, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa bingwa wa kazi ile ya kutia sauti ya Kiswahili juu ya picha za kigeni, na alikuwa na uhuru wa ajabu: Mmarekani anamtukana adui yake New York, Lufufu anamfanya amtukane kwa maneno ya Manzese. Tulikuwa tunafurahi. Ila hakuna kijana hata mmoja pale kwenye benchi aliyewahi kufikiri kwamba stelingi anaweza kuwa anatoka Bugoyi.

Naona wa Bugoyi mmeanza kupiga makofi. Haya, pigeni, haki yenu.

Kanumba alizaliwa hapa Shinyanga, tarehe 8 Januari 1984. Shule ya msingi Bugoyi, sekondari akaanzia Mwadui, kule kwenye almasi, halafu akaenda kumalizia Dar es Salaam. Mtoto wa Kisukuma aliyekwenda mjini kusoma, kama walivyokwenda wengi. Tofauti yake ni kwamba alipofika mjini alikuta televisheni imeshaanza kutafuta watu.

Nyinyi mmezaliwa mkaikuta, hamwezi kujua. Huku bara hatukuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ITV ilipoanza. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, sisi tunasikia redio. Kwa hiyo vituo vilipokuja vikahitaji kitu cha Kiswahili cha kujaza saa za jioni, na watu wa kuvijaza walikuwa wale wa vikundi vya maigizo. Kaole Sanaa Group walikuwa wa ITV. Jina wamelichukua kwenye yale magofu ya karibu na Bagamoyo. Pale ndipo palikuwa na Mzee Kipara, Bi Hindu, Swebe, na katika vijana Ray na Johari. Kanumba akaingia mwanzoni mwa miaka ya 2000, akaonekana katika tamthilia kama Jahazi na Dira.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo ilipo kazi yenyewe, na vijana wengi mnataka kuruka hapa.

Tamthilia ya kikundi ilikuwa na mwendo wake. Hadithi inajulikana, nani mkwe na nani mchawi inajulikana, lakini maneno mengi mwigizaji anayajaza mwenyewe. Maana yake huwezi kukariri ukapona. Unasimama mbele ya Bi Hindu, mama ambaye akikuangalia tu umeshashindwa, naye anatupa neno ambalo halikuwa kwenye mazoezi, na kamera inakwenda. Ukibabaika, nchi nzima inakuona. Mtu aliyepita pale miaka miwili mitatu akitoka anajua kitu kimoja ambacho darasani ni kigumu kufundisha: kumsikiliza mwenzako. Mkipata vipande vya zamani vya Kaole, vitazameni kwa jicho hilo. Picha ni mbovu, sauti inakuja na kuondoka, kuku anapita nyuma ya mheshimiwa. Lakini wanasikilizana.

Kanumba wa Kaole hakuwa bora kuliko wote. Nasema nilichokiona. Alikuwa kijana mrefu, mzuri wa sura, sauti nzito kidogo, na mikono hajui aiweke wapi. Wakongwe walimfunika, na ilikuwa halali yao kumfunika. Kitu alichokuwa nacho ni uso. Kamera ikimsogelea alikuwa hajifichi. Wengine ikiwasogelea wanakaza shingo, yeye analegea.

Halafu likaja soko la mikanda, na waigizaji wakaanza kuondoka kwenye televisheni mmoja mmoja.

Kwa nini waliondoka? Wasije wakawaambia ni sanaa. Ni njaa. Jioni ya televisheni ilikuwa inawapa jina kubwa na mfuko mtupu. Mtu anajulikana kila nyumba, anapanda daladala amesimama, abiria wote wanamwita kwa jina la tamthilia, na nauli hana. Wakati huo huo Kariakoo kuna maduka yanauza picha za Kinigeria kama maandazi. Mimi nilikuwa nazichukua kwa boksi. Watu wakajiuliza: kama Mnigeria anaweza kupiga picha nyumbani kwa mjomba wake, ikauzika hadi Shinyanga, sisi tumekosa nini? Nyumba tunazo, wajomba tunao.

Ndiyo ikazaliwa hii tunayoiita Bongo Movie. Kanumba alikuwa katika lile kundi la kwanza la Game 1st Quality, kampuni ya filamu ya Mtitu, lililotoa picha za Johari na Dangerous Desire. Nyumba ya kuazima, kamera ya video, taa mbili, siku chache, mhariri halali usiku, na kava inachapwa hata kabla picha haijaisha.

Mnajua kwa nini zilikuwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili? Watu wanasema ni tamaa. Tamaa ilikuwepo, sikatai, kwangu mteja alikuwa analipia mara mbili na sikulia. Lakini ile CD ya video inabeba dakika sabini na kitu tu, themanini ikijitahidi sana. Hadithi ya saa mbili haiingii. Basi mwongozaji akajifunza kuikata pale pabaya kabisa, mke ameshika kitasa cha mlango, simu inaita, imeisha. Usiku wa saa nne mtu ananigongea dirisha nyumbani anataka sehemu ya pili. Nimeamshwa sana na wake za watu kwa ajili ya Kanumba, na mke wangu yupo pale nyuma ni shahidi.

Na hapo ndipo nilipoiona ile sheria ya stelingi inavunjika.

Huyu stelingi mpya hakuwa na bunduki. Hakuruka. Alikuwa anakosewa. Anadanganywa na mchumba, anadharauliwa na wakwe, anafiwa, halafu analia. Na sio kulia kwa kufunika uso na kitambaa kama wanaume wa tamthilia za zamani. Kanumba alikuwa analia uso wazi, machozi yanashuka mpaka kidevuni, makamasi yanakuja na hayafuti. Wanaume wa hapa mwanzoni walinirudishia CD wamenuna. "Huyu stelingi gani anayelia?" Nikawajibu si mzirudishe, kuna picha za Van Damme. Wiki inayofuata wanakuja kuuliza kama imefika nyingine yake. Wanasema ni ya mke. Kila mwanaume wa Shinyanga aliyekodi picha ya Kanumba alikuwa anamkodia mke wake. Baba mmoja fundi baiskeli alikodi Family Tears mara tatu, na mke wake alikuwa kwao Maswa muda wote ule.

Mkiniuliza mimi, kazi yake kubwa ni hiyo. Wengine watakwambia ni umaarufu, au mavazi, au lile jina la "The Great" alilojipa na kulifanya la kampuni yake. Mimi nasema alimpa mwanaume wa kawaida ruhusa ya kumwona mwanaume mwenziwe akiwa ameshindwa, na amtazame mpaka mwisho bila kudai hela zake zirudishwe.

Picha yake ya Oprah ilipotoka mwaka 2008, yeye na Ray na Irene Uwoya, nilinunua nakala nyingi kuliko picha nyingine yoyote, na bado watu waliandika majina kwenye daftari wakisubiri zamu. Pale mna somo zuri la kazi: mtazameni Ray, halafu mtazameni Kanumba. Ray ni wa kasi. Anaingia na maneno yake, anatawala chumba. Kanumba anachelewa. Anaulizwa swali, anakaa nalo, unaona kabisa linashuka. Watu walikuwa wanabishana barazani nani mkali, kama Simba na Yanga, na mimi niliacha wabishane maana ubishi ulikuwa unauza. Lakini wawili wale walikuwa wanahitajiana. Mwendo wa mmoja ndio uliomwonyesha mwenzake.

Sasa Nigeria. Picha ya Dar 2 Lagos, mwaka 2006. Mercy Johnson, mwigizaji wa kule, alikuwemo. Ukinisikiliza leo unaona jambo dogo, kila mtu anafanya kazi na Wanigeria. Wakati ule ilikuwa kama timu ya mtaani kuleta mchezaji kutoka Ulaya. Wateja wangu waliogawanyika, hawa wa Kinigeria, hawa wa Kiswahili, ghafla wako foleni moja. Kanumba alikuwa ameelewa biashara kuliko wenzake wengi. Aliona kwamba mteja ameshafundishwa kupenda zile sura za Lagos, basi akasimama pembeni yao ili mteja amwone na yeye. Akaja Nkiru Sylvanus. Na mwaka 2011 Ramsey Nouah mwenyewe akacheza naye katika Devil Kingdom. Ramsey Nouah! Kuna wasichana hapa Shinyanga walikuwa wamebandika picha yake ukutani, sasa yupo kava moja na mtoto wa Bugoyi, na mtoto wa Bugoyi jina lake ndilo limeandikwa kubwa.

CD hizi hazikuishia hapa. Nyinyi mnaijua barabara yetu: malori yanapita Isaka, Kahama, yanakwenda Rusumo. Madereva wa Kigali na Bujumbura walikuwa wanasimama kwangu. Hawakodi, wananunua kabisa, kumi, ishirini, wanakwenda nazo kwa ndugu. Wengine zinafika Goma na Bukavu. Dereva mmoja wa Burundi alinieleza kwamba mwanawe anasema Kiswahili cha Kanumba, hadi ile "sikiliza, mpenzi" yake ya taratibu. Tunazungumza sana juu ya kukuza Kiswahili, mikutano inafanyika, posho zinalipwa. Yule kijana alikuwa anakipakia kwenye lori la mchele.

Lakini nisije nikamfanya malaika. Nilikuwa na ugomvi naye, na hata leo ninao.

Kwanza, yale majina. Hotuba yangu yote hii nataja majina ya Kiingereza na picha zenyewe ni za Kiswahili! Bibi anakuja dukani anaitaka "ile ya baba analia, yenye kava jekundu." Nimlaumu nani? Walisema jina la Kiingereza linauza nje. Linauza kwa nani, wakati mnunuzi wa nje ni yule dereva wangu wa Burundi asiyejua Kiingereza? Cha ajabu ni kwamba mwaka 2009 alipoalikwa kuingia kama mgeni katika nyumba ya Big Brother Africa, kile kipindi cha televisheni, watu wetu sisi wenyewe walimcheka Kiingereza chake. Mitandaoni, magazetini, vijiweni. Mtu asiyeweza kuagiza chai kwa Kiingereza anamsahihisha Kanumba. Nilikasirika siku ile kuliko yeye pengine. Ameingia nyumba iliyojaa vijana wa Afrika nzima, kasimama, kazungumza, katoka. Wangemcheka kwa yale majina ya kwenye kava ningewaunga mkono.

La pili, yale majumba. Kila picha ni jumba la geti, sofa za ngozi, mlinzi, gari linaingia na kutoka, linaingia na kutoka. Dakika tano gari linaingia! Nilimsubiri mtoto wa Kisukuma acheze picha ya pamba, au ya ng'ombe, au ya mgodini kule alikosoma. Kaunta yangu haikuipata. Najua mtayarishaji atajibu kwamba mteja anataka kuona asichonacho, na mimi ndiye niliyekuwa nauza kwa hiyo najua ni kweli. Bado nilisubiri.

La tatu ni kinanda. Kinanda kile cha huzuni kinachoanza kabla mtu hajafiwa. Hilo ni la wote, sio lake peke yake, tuliache.

Kuna kitu alikifanya mwishoni ambacho wengi hawakipi uzito. Alipokuwa juu kabisa, anaweza kuchagua amcheze nani na msichana gani mzuri, alikwenda akachukua watoto. Picha za This Is It na Uncle JJ. Wale watoto tuliowajua kwa majina ya Jennifer na Patrick. Waigizaji wakubwa wanaogopa watoto, muwaulize. Mtoto anakuibia picha yote kwa kupiga chafya. Kanumba akawaachia. Anakaa pembeni, anawapa nafasi, anachekwa yeye. Dukani kwangu wateja wakabadilika: walikuwa wanakuja akina mama, sasa wanakuja akina mama wamevutwa mkono na watoto. Mwigizaji aliyetufundisha stelingi anaweza kulia sasa anatufundisha stelingi anaweza kuonekana mjinga mbele ya mtoto wa miaka saba. Alikuwa hajafika miaka 28. Mimi nafikiri alikuwa anaelekea kwenye vichekesho vya nyumbani, na angekuwa mzuri huko kuliko kwenye mapenzi. Ni mawazo yangu, hayana ushahidi.

Nizungumze hela, maana mwenyekiti aliniomba nisizungumze hela.

Picha zile zilikuwa zinauzwaje? Mtayarishaji anatengeneza, anakwenda kwa msambazaji, anauza masta, ile nakala mama. Anapewa fedha zake kwa mkupuo, anaweka sahihi, basi. Picha ikiuza nakala elfu moja au laki moja, kwake ni sawa. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu mwaka 1999, COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, ipo, stempu za kodi kwenye CD zikaja 2013. Lakini mwenye njaa hasomi mkataba, anatafuta mahali pa kuweka sahihi. Kwa hiyo mnaposikia kwamba fulani alicheza picha arobaini, msimhesabie nyumba arobaini.

Na mwizi mwingine alikuwa mimi. Naam. Simtaji mtu, najitaja mwenyewe. Nilikuwa na kompyuta chumba cha nyuma. CD halali moja ikiingia, jioni zinatoka sita. Nilijiambia kwamba Dar ni mbali na nakala zinachelewa. Nilijiambia pia kwamba Kanumba ni tajiri, si anaonekana kwenye gari zuri? Lile gari la kwenye picha, mwanangu, pengine lilikuwa la kuazima kama nyumba. Nimewaambia hili kwa sababu mtakuja kukutana na watu kama mimi, sasa hivi hawana hata haja ya CD, simu inatosha. Tutakuwa tunawapenda kweli kweli, tunawalilia, na tunawaibia.

Jumamosi ile ya 2012 nilikuwa nafungua duka. Mteja wa kwanza aliniambia nikamwambia aache utani. Wa pili akaja analia. Ilipofika saa nne asubuhi barabara imejaa watu wamesimama tu mbele ya duka langu, kama vile mimi ndiye mfiwa. Hawakutaka kukodi. Walitaka kuwa mahali penye picha zake. Nikatoa televisheni nje, nikaweka ya kwanza niliyoishika, tukatazama hadi giza. Picha za Kanumba hadi giza, bila kiingilio. Nilipoangalia vile nyuso zilivyokuwa, nikakumbuka sheria yetu ya kibandani, na sikuweza kuitamka.

Tarehe 10 Aprili tuliangalia mazishi kwenye televisheni. Viwanja vya Leaders vimejaa maelfu kwa maelfu, watu wanazimia, Makamu wa Rais Dokta Bilal yupo, kisha makaburi ya Kinondoni. Wazee hapa walikuwa wanauliza: huyu alikuwa nani serikalini? Hakuwa na cheo. Alikuwa anaingia majumbani, basi. Miaka kumi kila jioni anaingia, kwanza kwa ITV, halafu kwa deki. Baada ya hapo bado zilitoka picha alizokwishazipiga, Ndoa Yangu ikiwemo, na zilikuwa ngumu kuziangalia, kwa sababu kwenye picha mtu amekaa anakunywa chai na hana habari.

Soko la CD lilidumu muda mfupi baada yake. Wengine wanasema liliondoka naye. Mimi nasema liliondoka na simu, na watu wa chumba cha nyuma. Duka nikalifunga, sasa ni la vocha na vipodozi. Tamthilia zimerudi kwenye televisheni kwa ving'amuzi, kule kule alikoanzia, na mnaotaka kazi nendeni huko mkajifunze kusikilizana kama Kaole.

Nimeongea kuliko nilivyopewa. Kijana wa mitambo, umeshaunganisha? Tutatazama Oprah. Zimeni zile taa za nyuma, na huyo mtoto aliyekaa kwenye waya ahame.

Naomba radhi kwa jambo moja. Tutaanzia sehemu ya pili. Sehemu ya kwanza iliazimwa dukani kwangu mwaka 2010 na haijarudi hadi leo. Jina lipo kwenye daftari, daftari ninalo hapa mfukoni. Kama mhusika yumo humu ndani, na nadhani yumo, faini nimeifuta. Ailete tu.